Vijineno vya Kiingereza Nilivyovisikia kwenye Redio Koli

Marahaba, wanangu. Salamu zenu zimenifikia zote, za mdomo na za simu, hata zile picha ndogo za mikono iliyofumbatana ambazo bado sijui kuzijibu. Mganga wenu wa sasa ameniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi niliyoifanya katika zahanati yetu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Alisema niandike chochote ninachokumbuka. Nimekaa nalo wiki nzima, nikaona habari za betri na antena peke yake zitawachosha. Nitawaandikia habari za maneno ya Kiingereza yanayokwenda mawili mawili, yale ambayo la kwanza unalijua, la pili unalijua, lakini yakishikana mkono hujui tena kitu.

Mimi ni Otilia. Nilizaliwa milimani, upande wa Mbinga, katika nyumba ya kahawa na mahindi, nikaolewa huku chini ziwani, upande wa Ngumbo. Kwetu tulisema Kimatengo, kwa mume wangu nikakuta Kinyasa, na Kiswahili nilikipata shuleni na kanisani. Kiingereza kilikuja cha nne, tena kilikuja kwa njia ya ubao. Nilijua kugeuza sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa. Nilijua wakati uliopita, uliopo na ujao. Nilipomaliza kidato cha nne, Kiingereza ndilo somo lililoninyanyua, na kwa alama hiyo nikapewa kazi ya redio koli.

Redio koli lilikuwa sanduku la chuma la kukaa mezani, limefungwa kwenye betri ya gari, betri inachajiwa na paneli ya sola juu ya bati. Nje kulikuwa na waya wa antena uliotandwa kati ya milingoti miwili ya mkaratusi. Mara tatu kwa siku hospitali kubwa ya huko milimani iliziita zahanati zake sita, moja moja, sisi tukiwa wa sita. Kila zahanati ilisikia ya wenzake. Hapakuwa na siri.

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Kipaza sauti unakiweka umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Unabonyeza kitufe, unavuta pumzi moja, ndipo unaanza kusema, kwa sababu ukisema papo hapo maneno ya kwanza yanamezwa na hayamfikii mtu. Ukimaliza unaachia kitufe, la sivyo unajisikia mwenyewe tu. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, unaviosha kwa maji ya moto na magadi, unavipaka mafuta ya mgando. Hayo nilijifunza kwa siku mbili. Vijineno vilinichukua miaka.

Asubuhi yangu ya kwanza sauti ya kiume kutoka hospitalini ilisema, "Station six, come in." Nikabonyeza, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikajibu kwa Kiingereza safi kwamba nimeshaingia, nimekaa kwenye kiti. Kisha yule bwana akasema, "Stand by." Nikasimama. Waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi, kwa hiyo nilisimama nimeinama nusu, na nikabaki hivyo. Bwana Nikodemu, aliyekuwa mganga mfawidhi wetu, aliingia akanikuta katika hali hiyo akauliza kuna nini. Nikamwambia nimeamriwa kusimama kando ya redio. Yeye naye hakuwa na hakika. Akafikiri, akanishauri nikae polepole, tuone kama watalalamika.

Ile sauti ya kiume ilikuwa ya Kasiani, karani wa redio wa hospitali. Alikuwa mzaliwa wa Kihagara, huku huku ziwani, akapanda milimani kwa kazi kama mimi nilivyoshuka kwa ndoa. Nilifanya naye kazi miaka minne kabla ya kuuona uso wake. Mchana ule, zahanati nyingine zilipokwisha kucheka, alinieleza taratibu kwamba "come in" ni kumwambia mtu ajibu, na "stand by" ni kumwambia asubiri bila kuondoka. Nilimshukuru, nikadhani nimemaliza kujifunza.

Madaktari wa hospitali ile wengi walikuwa wageni, na ujumbe wao waliuandika kwa Kiingereza. Kasiani akiwa na nafasi alinisomea kwa Kiswahili. Akiwa na haraka alisoma ulivyoandikwa, nami nikautafsiri mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Siku moja ulikuja ujumbe kwamba dereva wetu "look after" muuguzi mgeni atakayefika Kitai Jumanne. "Look" ni tazama, "after" ni baada ya. Nikamwambia dereva aende kutazama Kitai baada ya muuguzi kufika, kumbe walisema ampokee na kumtunza. Dereva alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, akaenda Jumatano. Yule dada alikuwa ameshuka kwenye basi la Songea tangu jana yake. Dereva alimkuta ameketi juu ya sanduku lake kando ya barabara, anatafuna mahindi ya kuchoma, na wauza vitunguu wote wa pale Kitai wameshajua jina lake. Alipofika kwetu alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka. Kosa likichekesha halikufundishi vya kutosha, na kwa hilo najilaumu.

Kosa lililonifundisha nimelisimulia mara chache sana.

Hapo kijijini palikuwa na fundi mwashi, Mzee Stefano. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma mnazoziona kuanzia kanisani mpaka ufukweni alizijenga yeye. Alikuwa pia mwimbaji wa besi katika kwaya ya Waanglikana, na sauti yake ikiingia hata sisi Wakatoliki tuliokuwa tukipita njiani tulipunguza mwendo. Mkewe tulimwita Mama Rahel, kwa jina la binti yao mkubwa. Mzee alikuwa na ngiri, akaikalia kimya muda mrefu, mpaka ikamkaza akashindwa kunyooka. Bwana Nikodemu akaandika barua ya rufaa, gari la hospitali likaja kumchukua. Aliyemsindikiza ni mtoto wake Amosi, mtu mzima mwenye mji wake.

Siku ya nne yake, Kasiani alikuwa likizo. Aliyeita kutoka hospitalini ni Daktari Ellen, mama mgeni aliyekuwa na wiki chache tu nchini. Hakuwa ameijua ile pumzi moja ya kabla ya kusema, kwa hiyo maneno yake ya kwanza yalimezwa. Kulikuwa na mawingu, na redio ilikuwa inakwaruza. Niliandika daftarini nilichokisikia, na mpaka leo naweza kuwaandikia bila kukosea herufi: "Mr Stefano passed on this morning. Please pass this on to his family. We will bring him down tomorrow."

Tazameni nilivyofikiri. "Pass" nililijua tangu shule, ni kufaulu, ni kupita. Mzee alikuwa amekwenda kupasuliwa, basi amefaulu, amepita. Kile kijineno "on" nilikiona kama chumvi tu, Waingereza wanavyopenda kunyunyiza. Sentensi ya pili ilikuwa na "pass on" ileile, na hiyo niliielewa vizuri, kwamba nifikishe habari. Sikujiuliza inakuwaje neno moja lifanye kazi mbili katika ujumbe mmoja. Na "bring him down" ilinithibitishia, kwa kuwa kesho wanamshusha. Nikajibu kwamba nimeelewa. Daktari akanishukuru kwa sauti ya chini, nami nikadhani amechoka.

Nilikwenda mwenyewe mpaka kwa Mama Rahel. Nilimkuta anatandaza muhogo uani. Nikampa shikamoo, nikamwambia, "Mama, mzee amepita salama. Kesho wanamleta."

Neno "salama" halikuwemo daftarini. Niliongeza mimi, kwa furaha.

Mama Rahel aliacha muhogo pale pale akaenda kuwaambia majirani. Kesho yake uwanja wao ulifagiwa mara mbili. Mbasa, wale samaki wa ziwani, walinunuliwa asubuhi mbichi, wanawake wakapika, wenzake wa kwaya wakaja na sare zao. Mchana gari la hospitali liliposikika linashuka kilima, kwaya ikatoka barabarani kulipokea ikiimba, na mimi nilikuwa katikati yao nimevaa gauni langu la sikukuu. Nilijiona kama mtu aliyeleta heri kijijini.

Amosi alikuwa ameketi mbele na dereva. Alishuka, akatutazama, asijue tunafanya nini. Waliokuwa mbele walimwona usoni wakanyamaza. Waliokuwa nyuma hawakuona, wakaendelea kuimba. Akamwendea mama yake akasema, "Kwani hamkuambiwa?"

Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku, limefunikwa shuka la hospitali.

Sitaandika mengi ya siku ile. Wale wa nyuma waliimba mpaka mstari wa mwisho wa ubeti kabla hawajajua. Mama Rahel hakulia kwanza. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akanipata, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye gari. Tangu hapo, nikimpa shikamoo, alipita kama mtu aliyesikia upepo.

Baada ya maziko, mdogo wake marehemu, Bwana Yaredi, alikuja zahanati na wazee wawili. Alisema nimewadhihaki, nimewafanya waimbe na kupika juu ya maiti ya ndugu yao, na kwamba nisipoondolewa kazini atakwenda wilayani. Nilikuwa nimekaa pembeni, na kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia. Bwana Nikodemu aliomba daftari. Akasoma ule ujumbe kimya, mara ya kwanza, mara ya pili. Angeweza kunitupa kwao na hakuna ambaye angemlaumu. Alilifunga daftari akasema, "Bwana Yaredi, mimi nimesomea utabibu kwa Kiingereza, na ningeulizwa jana ningesema hivyo hivyo, kwamba amepita. Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe wawili."

Yaredi aliondoka hajaridhika, lakini wilayani hakwenda. Bwana Nikodemu sasa ni marehemu. Kila mwaka siku ya kuwakumbuka marehemu nawasha mshumaa mmoja zaidi, na wanangu wa kuwazaa wamezoea kuniuliza ni wa nani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamua kuacha. Nilikaa siku tatu siigusi redio, Bwana Nikodemu akiitikia wito yeye. Kasiani aliporudi likizo na kusikia, aliita asubuhi, sikujibu. Akaita mchana. Bwana Nikodemu akaniwekea kipaza sauti mkononi akatoka nje. Kasiani hakuniambia pole. Aliniuliza sisi tukifiwa tunasemaje, tunasema fulani amekufa? Nikasema hapana, tunasema ametutoka, hatunaye tena. Akasema, "Sasa Daktari Ellen akiambiwa fulani ametutoka, si atauliza ametokea mlango upi? Na wao wanaliogopa neno lenyewe, Otilia, kama sisi. Wanalizunguka, wanasema 'passed on'. Wewe umekosea pale ambapo kila lugha inaficha." Kisha akasema kila Jumatatu, wito wa mchana ukiisha, nisizime redio, atanipa dakika kumi.

Zile dakika kumi alinipa miaka. Hakuna aliyemwagiza. Zahanati nyingine nazo zikaacha kuzima, zikawa zinasikiliza.

Daktari Ellen alishuka mwenyewe mwezi uliofuata na gari la kliniki. Kabla ya kumtazama mgonjwa yeyote alimwomba Bwana Nikodemu ampeleke kwa Mama Rahel. Aliketi mkekani akasema kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Nimekosa mimi." Mama Rahel alimpa maji ya kunywa. Aliporudi zahanati daktari aliniahidi kwamba kwenye redio mtu akifa atasema "died", basi. Na mimi nikamwahidi kwamba sitaitikia tena jambo nisilolielewa. Yeye naye alikuwa na shida zake na lugha yetu. Aliwahi kusikia kwamba mlinzi yuko nyuma anapiga pasi, akauliza huyo Pasi amefanya nini. Nikamwonyesha kwamba tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Tulicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu yale.

Sasa niwape ninachokijua, mkitumie mtakavyo. Msijifunze vijineno hivi kwa kujumlisha. Ukichukua neno la kwanza ukaongeza la pili, jibu linakuwa lingine kabisa. Mimi nilinunua daftari lenye jalada gumu, na ndani yake sikuandika neno peke yake hata mara moja. Niliandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, nani aliisema, na baadaye kilitokea nini. Kwa mfano niliandika: "We have run out of quinine", Kasiani, Alhamisi, na dawa hazikuja. Mwanzoni nilikuwa nimeona kichwani watu wanakimbia nje na chupa, lakini dawa zilipokosekana nikajua kwamba ni kuishiwa. Niliandika: "The clinic is put off", daktari, na akina mama walikuja na watoto mgongoni wasikute gari, maana mimi nilidhani wamezima jenereta. Kumbe kliniki imeahirishwa. Neno "put" lilinijazia kurasa tano. "Put up with" nilikuwa nayo mwezi mzima siielewi, mpaka muuguzi mmoja aliposema hivyo akimzungumzia mama mkwe wake. Nikaandika: kuvumilia, na nikaweka nyota.

Matukio yalinifundisha kuliko kamusi. Mtu akikuambia maana, unaisahau. Lakini ukishaona akina mama ishirini wanarudi nyumbani na watoto wao kwa sababu yako, "put off" hutaisahau mpaka kaburini.

La pili ni kurudisha. Kila ujumbe niliurudisha kwa aliyeutuma, lakini si kwa maneno yake. Ukirudisha kwa maneno yake unakuwa kasuku, naye anakuitikia ndiyo, ndiyo. Urudishe kwa maneno yako madogo. Siku moja tulikuwa na mtoto wa malaria amezimia, mama yake amemlaza mezani, na baba yuko tayari kumbeba kukimbilia gari. Daktari akasema kwenye redio, "Bring her round first." Nilimrudishia, "Tumlete wapi kwanza, daktari?" Akasema hapana, msimlete popote, mwamsheni kwanza hapo hapo, mwekeeni sukari yenye maji kidogo chini ya ulimi. Mtoto alifumbua macho kabla gari halijawashwa. Nisingeuliza, wangeondoka naye hivyo hivyo kwenye barabara ile. Siku hizi mtoto yule ni mama wa watoto wawili, anauza vitenge Mbamba Bay, na akiniona ananipa kiti.

Najua simu zenu zinatafsiri. Mjukuu wangu alinionyesha, nikaiandikia vijineno kadhaa kutoka daftarini. Vingine ilivipata, vingine iliniletea vichekesho vilevile vya mwaka wangu wa kwanza. Itumieni, lakini muulizeni na mtu. Kuuliza kulinitia aibu mwanzoni, kila zahanati ikisikia kwamba wa sita hajaelewa tena. Baadaye wakawa wanasubiri mimi niulize, kwa sababu na wao walikuwa hawajaelewa.

Nimemwacha Mama Rahel mpaka sasa makusudi.

Ulikuwa umepita mwaka na miezi kadhaa tangu maziko, mvua zimeanza. Rahel, binti yake, alikuwa ameolewa huko milimani na alikuwa mjamzito. Habari zilishuka na mtu wa njiani kwamba uchungu umemshika siku mbili, mtoto hatoki, na wamempeleka hospitalini. Barabara ilikuwa imekatika mahali. Hapakuwa na njia ya kujua zaidi ila redio.

Mimi siku hiyo nilikuwa na mapumziko, niko shambani. Aliyenishikia redio ni muuguzi wetu Yulita, binti hodari, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Mama Rahel alifika zahanati, Yulita akamkaribisha na kuanza kuwasha redio amuulizie. Mama Rahel akamzuia. Yulita ndiye aliyenisimulia baadaye maneno yake, na alikuwa amesema, "Nitamsubiri Otilia. Yeye hawezi kukosea mara mbili."

Waliniita. Nilifika na matope mpaka magotini, nikamkuta ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Nikampa shikamoo kama nilivyompa kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Akaitikia.

Nikawasha. Kasiani alisema Rahel yuko chumba cha upasuaji na daktari, tusubiri. Tulisubiri. Mvua ilipiga bati mpaka ikabidi niweke sikio kwenye spika. Mama Rahel alinitazama tu mdomo. Kisha ikaingia sauti ya Daktari Ellen mwenyewe, amekimbia kutoka chumba cha upasuaji, pumzi juu juu, na kwa furaha alikuwa amesahau ahadi yetu. Akasema, "They've pulled through, Otilia. Both of them."

Wanangu, hicho kijineno kilikuwa hakimo daftarini. Sikuwahi kukisikia. "Pull" ni kuvuta, "through" ni kupitia. Nikaona mtoto anavutwa. Nikaona mambo mengine nisiyotaka kuyaandika. Sauti ya daktari ilikuwa ya furaha, nilidhani, lakini na mimi niliwahi kudhani sauti ya huzuni ni uchovu. Mama Rahel alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye benchi. Ningeweza kumwambia ni wazima, na kumbe ningekuwa nimesema kweli, lakini ningekuwa nimebahatisha.

Nikabonyeza, nikavuta pumzi, nikasema kwa Kiingereza kwamba sijaelewa, aseme kwa maneno madogo. Nikauliza, Rahel yuko hai? Akajibu yuko hai. Nikauliza, mtoto yuko hai? Akajibu yuko hai, ni wa kike. Nikarudisha mara ya tatu, yote pamoja, mama yuko hai, mtoto wa kike yuko hai, ndivyo? Akasema, safari hii kwa Kiswahili, "Ndivyo, Otilia. Ndivyo kabisa."

Zile zahanati nyingine zilikuwa zikisikiliza. Karani mmoja akabonyeza kitufe mara mbili, tik, tik, kama mtu anayepiga makofi madogo. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wote watano.

Niligeuka nikamwambia Mama Rahel, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza langu hata moja. Aliniuliza kama nimeuliza yote. Nikasema nimeuliza mara tatu. Alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi twende ukawaambie wewe."

Tulitembea naye kwenye mvua mpaka kwenye uwanja ule ule. Bwana Yaredi alikuwa barazani anatia mpini kwenye jembe, na wengine walikuwa ndani. Sikupita barazani. Nilisimama uani, maji yananichuruzika, nikasema kwamba Rahel yuko hai, na mtoto wake wa kike yuko hai, na kwamba nimelisikia kwa daktari mwenyewe. Yaredi hakunitazama mimi, alimtazama shemeji yake. Mama Rahel akatikisa kichwa kukubali. Yaredi akaliweka jembe chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akakifuta kwa mkono wa shati lake, akakiweka barazani, mahali pasipovuja.

Nilikaa. Mama Rahel akaketi mkekani karibu na miguu yangu yenye matope, akaanza kunisimulia siku aliyozaliwa huyo Rahel, jinsi Stefano alivyoacha ukuta aliokuwa anaujenga akakimbia kumwita mkunga, na alivyorudi akambeba mtoto kabla hajanawa udongo mikononi.